Mafuta ya kitimoto: sifa ni za mabichi, hesabu iko kwenye karai

Kuna orodha ya vyakula inayorudi mitandaoni kila mara, na ikirudi huja na dai lilelile: mafuta ya nguruwe yamo katika vyakula kumi vyenye lishe bora kuliko vyote duniani. Wapenzi wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, wa Sinza na Kimara jijini Dar es Salaam huisambaza kwa furaha, wengine huikunjia uso, na mjadala huishia kwenye kambi mbili. Moja inasema mafuta hayo ni dawa, nyingine inasema ni sumu. Kambi zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinataja "mafuta ya nguruwe" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati kilichopewa sifa kwenye orodha ile sicho kinachochemka kwenye karai la pale kona, wala sicho kinachoganda cheupe kwenye sahani nyama ikipoa.

Orodha yenyewe ipo kweli. BBC iliichapisha mwaka 2018 ikiwa na vyakula 100, kutokana na utafiti wa mwaka 2015 uliochambua vyakula zaidi ya 1,000. Lozi zilishika namba moja kwa alama 97, na mafuta ya nguruwe yakawa ya nane kwa alama 73. Alama hizo zilipima jinsi chakula, kikiliwa pamoja na vingine, kinavyosaidia kufikia mahitaji ya mwili kwa siku bila kuyazidi. Hazikusema mtu ale kiasi gani, wala hazikusema chakula cha nane ni bora kuliko cha thelathini kwa kila mlaji. Halafu vyakula hivyo vilichambuliwa vikiwa vibichi. Neno hilo ndilo huanguka njiani kila orodha inapotumwa kutoka simu moja kwenda nyingine, na likianguka, maana yote inageuka.

Mtu wa Dar akisema mafuta ya nguruwe anaweza kuwa anasema vitu vitatu. Cha kwanza ni shahamu mbichi, ile tabaka nyeupe iliyo kati ya ngozi na mnofu, nene zaidi mgongoni. Si mafuta matupu. Ni tishu hai iliyokuwa na kazi: seli zilizojaa mafuta, zimeshikwa na nyuzi za kolajeni, zikipitiwa na mishipa ya damu, na maji ndani yake. Cha pili ni shahamu iliyopikwa, ule ukingo wa rangi ya dhahabu uliobaki umeng'ang'ania kipande cha nyama. Cha tatu ni mafuta yaliyoyeyuka yakatoka, yakabaki chini ya karai. Hivi vitatu vina mzazi mmoja lakini lishe yake haifanani, na anayevichanganya atapotea hata akiwa na jedwali la lishe mkononi.

Tuanze na namba. Gramu 100 za shahamu mbichi, ikiwa bado na vijinyama vyake, zina takriban kilokalori 632. Theluthi mbili ya uzito huo ni mafuta, protini ni gramu 9 hivi, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Shahamu hiyo ikipikwa, gramu 100 zake zina kilokalori kati ya 620 na 630. Msomaji makini atashtuka hapa: ina maana kupika hakubadilishi kitu? Kunabadilisha sana, ila mabadiliko mawili yanavutana. Moto unafukuza maji, na hilo linafanya kilichobaki kizidi kukolea. Papo hapo moto unayeyusha mafuta yakachuruzika, na hilo linapunguza. Mwisho wa safari uwiano unarudi karibu pale pale, lakini kipande kimenywea. Kipande cha gramu 100 kilichoingia kwenye karai hakitoki na gramu 100. Kwa hiyo anayesoma jedwali la "gramu 100 zilizopikwa" na kulilinganisha na uzito alioupima muuzaji nyama ikiwa mbichi, analinganisha machungwa na maganda yake.

Mafuta yaliyoyeyuka ni habari nyingine. Gramu 100 zake zina kilokalori 900, kwa sababu hapo hakuna maji, hakuna protini, hakuna kitu kingine ila mafuta, na kila gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9. Vitamini za kundi B ambazo orodha ile iliyasifia mafuta ya nguruwe hazimo. Haziwezi kuwamo: vitamini B huyeyuka kwenye maji, na huishi kwenye maji ya tishu na kwenye vijinyama vilivyoshikana na shahamu. Mafuta yakijitenga, yanaziacha nyuma. Mtu anayeanza siku kwa kijiko cha mafuta meupe ya nguruwe akiamini anapata vitamini B anapata kilokalori 115 na vitamini hizo sifuri.

Hata ile protini ya gramu 7 hadi 9 iliyo kwenye shahamu isimdanganye mtu. Sehemu yake kubwa ni kolajeni, protini ya nyuzi na ngozi, ambayo haina triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ukitaka protini kamili na thiamini (vitamini B1) ya nguruwe, vipo kwenye mnofu. Nguruwe kwa thiamini anawaacha mbali ng'ombe na kuku. Gramu 100 za mnofu uliopikwa zinaweza kumpa mtu mzima karibu nusu ya mahitaji yake ya siku au zaidi. Na hapa upishi wa kitimoto unastahili sifa ambayo haipewi. Nyama inachemshwa kwa maji kidogo hadi yakauke, kisha inakaangika kwa mafuta yake. Vitamini zilizotoka zikaingia kwenye yale maji hazimwagwi. Zinakaukia kwenye nyama. Joto linaziharibu kiasi, hilo haliepukiki, lakini anayechemsha nyama kwa maji mengi na kuyamwaga anapoteza zaidi.

Dai jingine linalopendwa ni la vitamini D. Ni kweli mafuta ya nguruwe yanayo, takriban mikrogramu 2.5 katika gramu 100. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 15 kwa siku. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chakula, gramu 13 hivi, kinakupa theluthi moja ya mikrogramu, yaani asilimia mbili ya mahitaji. Ili upate kiwango cha siku kwa njia hiyo utakula gramu 600 za mafuta, kilokalori 5,400, chakula cha zaidi ya siku mbili. Tena nguruwe hutengeneza vitamini D kama sisi, kwa jua kwenye ngozi, na wengi wanaofugwa pembezoni mwa jiji wanazaliwa na kuchinjwa chini ya mabati. Katika jiji lenye jua kama hili, kutoka nje mikono ikiwa wazi kunafanya kazi kuliko kijiko chochote.

Sasa tuingie kwenye kinachobishaniwa zaidi, aina ya mafuta yenyewe. Katika gramu 100 za mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, gramu 39 hivi ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopenda kuganda. Gramu 45 ni mafuta yenye muunganiko mmoja usioshiba, na nyingi kati ya hizo ni asidi ya oleiki, ileile inayoyapa mafuta ya zeituni sifa yake. Gramu 11 ni yale yenye miunganiko mingi, hasa asidi ya linoleiki. Kwa hiyo anayeyaita "mafuta mazito matupu" anakosea, maana zaidi ya nusu hayajashiba. Anayeyaweka safu moja na alizeti naye anakosea, maana alizeti ina gramu 10 au 11 tu za mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100.

Na ndani ya yale yaliyoshiba kuna tofauti. Sehemu kubwa ni asidi ya palmitiki, ambayo imethibitika kupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Sehemu ndogo zaidi ni asidi ya steariki, ambayo kwa lehemu hiyo haina madhara makubwa. Lehemu iliyomo kwenye mafuta yenyewe ni miligramu 95 katika gramu 100. Yai moja la kuku lina karibu maradufu ya hapo. Kwa hiyo hofu ya "mafuta ya nguruwe yana lehemu" imeelekezwa pabaya. Kinachoisukuma lehemu ya damu juu zaidi ni mafuta yaliyoshiba unayokula siku baada ya siku, yawe ya mnyama au ya mti. Chupa ya mafuta ya mimea inayojivunia kwamba haina lehemu inajivunia kitu ambacho karibu kila mafuta ya mimea yanacho.

Hapo ndipo ninapoona jiji hili linajidanganya zaidi. Mtu atakataa kitimoto kwa hofu ya moyo, kisha kila jioni anakula wali wa nazi na maharage ya nazi. Mafuta ya nazi yana zaidi ya gramu 80 za mafuta yaliyoshiba katika gramu 100. Siagi ina gramu 51. Mawese yana kama 49. Mafuta ya ng'ombe yana 50. Nguruwe, na 39 zake, ameshuka chini ya wote hao. Sisemi tui la nazi liachwe. Vyakula vya pwani bila nazi si vyakula vya pwani. Ninachosema ni kwamba anayehesabu ahesabu vyote, asimhukumu nguruwe peke yake kwa kuwa ana jina baya. (Wakazi wengi wa Dar hawali nguruwe kwa imani yao, na hilo ni jambo la heshima lisilohitaji kalori kulitetea. Kwao hesabu hizi zinafaa kwa nundu ya ng'ombe, mkia wa kondoo na ngozi ya kuku wa kisasa.)

Jambo jingine ambalo wafugaji wanalijua kuliko walaji: mafuta ya nguruwe yanafuata pumba. Ng'ombe ana bakteria tumboni wanaobadilisha mafuta ya majani na kuyafanya yashibe kabla hayajafika mwilini, ndiyo maana mafuta ya ng'ombe hayabadiliki sana. Nguruwe ana tumbo moja kama letu. Anachokula ndicho kinacholala mgongoni. Akilishwa mashudu mengi ya alizeti au soya, shahamu yake inakuwa laini, inateleza kwenye kisu, na ina linoleiki nyingi. Akilishwa zaidi vyakula vya wanga, inakuwa ngumu na nyeupe. Akilishwa mabaki ya samaki hadi karibu na kuchinjwa, mafuta yatanuka samaki, na hakuna tangawizi itakayoificha harufu hiyo. Pia mahali shahamu ilipotoka pana uzito wake: ile iliyozunguka figo imeshiba zaidi kuliko ya mgongoni, na ndiyo huganda ngumu kuliko zote. Kwa hiyo namba nilizotoa ni wastani. Ukibonyeza shahamu kwa kidole ikiwa imepoa, ugumu wake unakuambia kitu kuhusu kilichomo.

Twende kwenye karai, maana huko ndiko hesabu ya kweli iliko.

Tuchukulie nusu kilo iliyopimwa mbichi, mchanganyiko wa kawaida wa mbavu na tumbo na mnofu kidogo. Mifupa toa gramu 100. Zimebaki 400. Kama robo yake ni mafuta, una gramu 100 za mafuta, na protini gramu 64 hivi. Nguvu yote ni kilokalori 1,150 au zaidi kidogo, na 900 kati ya hizo ni za mafuta. Mafuta yaliyoshiba peke yake ni takriban gramu 38. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa mtu wa kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 22. Nusu kilo hiyo ikiliwa na mtu mmoja imepita kiwango cha siku kwa mbali kabla hajaagiza ndizi. Ikiliwa na wawili, kila mmoja amekula gramu 19, na bado kuna kifungua kinywa na chakula cha mchana vya kuhesabu.

Sasa angalia kinachotokea jikoni. Mpishi anaweka nyama, chumvi, maji kidogo, tangawizi, kitunguu saumu, labda limau. Kwa muda mrefu karai halipiti nyuzi 100 kwa sababu maji yanalishikilia hapo. Sauti ni ya kuchemka. Maji yakiisha, sauti inabadilika, inakuwa kali na kavu, na joto linaanza kupanda kuelekea 150 na zaidi. Mafuta yaliyokwisha kuyeyuka sasa yanakaanga nyama iliyoyatoa. Ukiinamisha karai wakati huo utaona dimbwi la rangi ya majani ya chai limekusanyika upande mmoja. Tuseme theluthi moja ya mafuta ya nyama imeishia kwenye dimbwi hilo, gramu 33 hivi. Hizo ni kilokalori 300 na gramu 12 au 13 za mafuta yaliyoshiba, zimekaa nje ya nyama, zinasubiri mpishi aamue.

Uamuzi huo ndio unaotofautisha sahani mbili zilizotoka nusu kilo moja. Mpishi akiinua nyama kwa kijiko chenye matundu, akaiacha ichuruzike nusu dakika, kisha akamwaga mafuta pembeni kabla ya kurudisha nyama na kitunguu, nyanya, karoti na hoho, ametoa robo ya nguvu ya chakula kile bila kugusa protini. Akitia nyanya na kitunguu juu ya dimbwi lilelile, rosti inaonekana ina mchuzi mzuri unaong'aa. Mng'ao huo ni zile gramu 33 zimerudi, zimejificha kwenye nyanya. Ndiyo maana mabishano ya kavu na rosti, ipi ina mafuta mengi, hayana jibu moja. Rosti iliyomwagwa mafuta ni nyepesi kuliko kavu isiyochujwa, na kinyume chake.

Kisha zinakuja ndizi. Ndizi mbichi zikikaangwa kwenye mafuta ya nyama hazinywi mafuta mengi zikiwa bado zinachemka humo, kwa kuwa mvuke unaotoka unayasukuma nje. Zinanyonya zikishatoka. Mvuke uliobaki ndani unapoa, unarudi kuwa maji, unaacha nafasi tupu, na mafuta yaliyoko juu ya ndizi yanavutwa kujaza nafasi hiyo. Sekunde chache za kwanza nje ya karai ndizo zenye maamuzi. Ndizi zikikung'utwa hapo hapo na kuwekwa kwenye chujio zikiwa zimetandazwa, mafuta mengi yanabaki juu na yanachuruzika. Zikirundikwa kwenye bakuli, kila moja inanyonya yake na ya jirani. Kwa jambo dogo kiasi hiki, ni aibu kwamba karibu kila kijiwe kinarundika.

Limau haliyeyushi mafuta. Asidi yake inaamsha mate na kuusafisha ulimi, kwa hiyo chakula kinahisi chepesi, lakini kalori ziko palepale. Mafuta yanavunjwa na nyongo na vimeng'enya vya kongosho kwenye utumbo. Maji ya moto baada ya kula nayo hayana la kuzuia: mwili una nyuzi 37 muda wote, na mafuta ya nguruwe huanza kulainika kwenye nyuzi 30 na kitu, kwa hiyo hakuna jiwe la mafuta linaloganda tumboni likisubiri kuyeyushwa. Bia ndiyo ina athari, na ni mbaya: chupa ya nusu lita ina kilokalori kama 200, na mwili ukipata pombe huichoma kwanza, mafuta ya sahani yanawekwa akiba.

Kuna mahali ambapo kijiko kidogo cha mafuta haya kina faida halisi, na sioni mtu anayekisema. Mchicha, matembele, karoti na kisamvu vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini haiingii vizuri bila mafuta. Gramu 3 hadi 5 za mafuta kwenye mlo wa mtu mmoja zinatosha kuisaidia. Hiyo ni kijiko cha chai kimoja. Mboga iliyochemshwa kwa chumvi tu, kama wanavyopenda baadhi ya walioambiwa wapunguze uzito, inapoteza sehemu kubwa ya kilichofanya iitwe mboga bora. Alizeti itafanya kazi hiyo vilevile na moyo utashukuru zaidi. Lakini kama kilichopo nyumbani ni mafuta ya nguruwe, kijiko cha chai kwa kila mlaji kwenye sufuria ya familia hakimdhuru mtu.

Anayetaka mafuta safi kwa matumizi hayo ayayeyushe mwenyewe, asichukue ya karai. Kilo moja ya shahamu ya mgongoni, bila ngozi, ipoozwe kwenye friji hadi ikaze, kwa kuwa laini haikatiki. Ikatwe vipande vya sentimita moja. Vijinyama vyote vitolewe, maana ndivyo vinavyoungua kwanza na kutia mafuta rangi na harufu. Weka kwenye sufuria nzito pamoja na maji kama nusu kikombe cha chai. Maji hayo yanazuia vipande vya chini kuungua kabla havijatoa mafuta. Mkaa uwe mchache, ufunikwe na majivu. Koroga kila baada ya dakika kumi. Mwanzoni patakuwa na mapovu makubwa na kelele; hayo ni maji yanatoka. Kelele ikitulia na mapovu yakiwa madogo, maji yameisha, na kuanzia hapo usiondoke jikoni. Vipande vikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, epua. Chuja kwa kitambaa safi, acha yapoe hadi chombo kishikike, mimina kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Kilo moja itakupa gramu 700 hadi 800. Yakiwa ya kahawia na yananuka nyama, moto ulikuwa mkali. Yakichacha mapema, kulibaki maji au vijinyama. Yakiwa na chembechembe kama sukari, yalipoa taratibu mno. Hilo ni la sura tu, halina madhara.

Yahifadhiwe kwenye friji, gizani. Mafuta ya nguruwe yana vitamini E kidogo sana, na vitamini hiyo ndiyo mlinzi wa mafuta dhidi ya kuchacha. Mafuta ya alizeti yanayo nyingi. Kwa joto la Dar, mwanga wa jua na chupa angavu iliyoachwa wazi juu ya kabati, mafuta haya hayadumu. Kutu ya karai la chuma inayaharakisha kuharibika pia, kwa hiyo sufuria safi ya alumini ni bora kuliko karai la chuma lililoachwa na maji usiku kucha.

Na hapo tunafika kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, kubwa kuliko suala la mafuta yaliyoshiba: mafuta yanayorithishana. Karai la jana halimwagwi. Linaongezewa nyama ya leo, mafuta mapya yanaungana na ya zamani, na kesho vivyo hivyo. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yanavunjika, yanaungana upya kuwa vitu vingine, na lehemu yake inaoksidika. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo cha vitu hivyo kwenye mafuta ya kukaangia, kati ya asilimia 24 na 27. Yakipita hapo ni ya kutupwa. Kijiweni hakuna kipimo, ila kuna dalili. Mafuta mazuri ya nguruwe huanza kutoa moshi karibu nyuzi 190. Yaliyochoka yanatoa moshi mapema, kabla nyama haijabadilika rangi, na moshi huo unachoma macho. Povu lake ni dogodogo na halitulii. Halafu tazama ukingo wa karai: kama kuna utando wa kahawia unaonata kama gundi, usiotoka kwa sabuni, hayo ni mafuta yaliyojifunga yenyewe kwa yenyewe. Kuongeza mafuta mapya juu yake hakuyafufui ya zamani. Kunayaharibu mapya.

Kwa mnunuzi, nafasi ya kubadili hesabu iko kabla ya mizani. Paja na steki zina mafuta machache sana kuliko mbavu na tumbo. "Kaka, nipimie nusu, steki iwe nyingi, mbavu mbili tu, na mafuta ya karai uyamwage kabla ya nyanya" ni sentensi fupi, na muuzaji anayejua kazi yake haichukii. Mwambie pia nyama iive hadi ndani, isibaki na wekundu. Minyoo michanga ya tegu hukaa kwenye mnofu zaidi kuliko kwenye shahamu, na mchanganyiko wa kitimoto una vyote. Uliza mhuri wa mkaguzi wa nyama kama unanunua ya kupika nyumbani.

Kwa muuzaji, mafuta yanayobaki jioni yasimwagwe mtaroni. Usiku yanaganda, yanashika mchanga na mifuko, na mvua ya kwanza inaleta maji barabarani. Yaache yapoe kwenye ndoo ya chuma, yachuje, wape watengeneza sabuni. Kilo moja ya mafuta ya nguruwe huhitaji takriban gramu 130 za kostiki soda ili yawe sabuni ya mche ikiwa na mafuta kidogo ya ziada ya kulinda ngozi. Kostiki itiwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na vyombo visiwe vya alumini, kwa kuwa kostiki inaila. Sabuni ikae wiki nne hadi sita kabla ya kutumika. Harufu ya kitunguu itapungua. Rangi ya kahawia itabaki, na hilo halizuii povu.